Daftari la Maagizo 63 na Swala Iliyokwama

Assalaam alaykum, Mwalimu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, na huu ni mwezi wa tano tangu niliposilimu. Naomba niseme mapema kwamba sikusilimu kwa ajili ya ndoa, maana kila anayesikia habari zangu huuliza kwanza mume ni nani, na mume hayupo. Nilisoma peke yangu kwa karibu miaka miwili, usiku baada ya kazi, na kilichonivuta ni jambo moja: kwamba Mungu ni mmoja, hana mshirika, na mja wake anaweza kumwelekea moja kwa moja bila kumpitia mtu yeyote. Siku niliyotamka shahada ya kusilimu nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Mzigo ulirudi baadaye. Akina dada walionipokea ni watu wema na sina shaka na nia zao, lakini kila mmoja alikuja na la kwake. Huyu aliniambia jina langu halifai na ni lazima nilibadilishe. Yule aliniambia nikunje mikono kifuani ninaposwali, na siku ya pili mwingine akaniambia niiteremshe. Wa nne alisema swala zote nilizokosa wakati wa hedhi ni deni, nizilipe. Wa tano alisema kwamba madhali nje ya swala sijaanza kuvaa hijabu, basi hata hizo swala zangu ni bure. Nilinunua daftari nikawa naandika kila ninaloambiwa ili nisisahau, na nilipohesabu yalikuwa maagizo 63, wakati tahiyatu, yale maneno ya kikao cha swala, nilikuwa bado sijaihifadhi.

Mwisho nikachoka, Mwalimu. Nilikuwa nikisimama kuswali moyo unadunda, nikiwaza nini nimekosea leo. Siku moja nikasema afadhali nisiswali kuliko kuswali vibaya, na siku hiyo moja ikawa siku tisa. Naona aibu kuandika maneno haya.

Nyumbani ninaishi na mama yangu, ambaye ni Mkristo na ananipenda sana. Husikia ninavyonong'ona alfajiri, naye huuliza bila ugomvi: "Mnamwabudu huyo Muhammad? Na Yesu umemtupa?" Mimi hubabaika, kwa sababu najua ninachoamini lakini sijui kukieleza kwa mpangilio. Isitoshe, Ramadhani imebaki wiki tatu, sijawahi kufunga hata siku moja, na zaka na hija sijui nianzie wapi. Tafadhali nieleze dini hii kama unavyomweleza mtu aliyeingia mlangoni sasa hivi. Nini hasa ninatakiwa kuamini, nini ninatakiwa kufanya, na nini kinaweza kusubiri?

Ni mimi, Mwenye Daftari.

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Nianze na zile siku tisa, kwa sababu naona ndizo zinazokuuma kuliko yote. Kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, mtu anayekubali kwamba swala ni faradhi, kisha akaiacha kwa woga au kwa uzembe, amekosa na anapaswa kutubu, lakini hakutoka katika dini. Kwa hiyo bado uko ndani, na huhitaji kuanza upya. Wakati wa swala iliyo karibu utakapoingia, tia udhu usimame uswali hata kama moyo unadunda. Zile zilizopita ni swala 45, na wanazuoni walio wengi wanasema zilipwe; ukiongeza moja ya kadha, yaani ya kulipa iliyokupita, kila baada ya swala ya faradhi, utazimaliza kwa siku tisa, muda uleule uliozipoteza. Ikiwa ndani ya siku hizo tisa zilikuwamo siku za hedhi, hizo zitoe katika hesabu, na sababu yake nitaifikia.

Kuhusu hofu ya kuswali vibaya, kipo kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi za Mtume, ambacho ningependa ukikumbuke kila hofu hiyo inapokujia. Mtu mmoja aliingia msikitini akaswali kwa haraka, kisha akaja kumsalimia Mtume, naye akamwambia, "Rudi ukaswali, kwani hujaswali." Akarudi, akaswali vilevile, akaambiwa vilevile, mpaka mara ya tatu ndipo alipokiri kwamba hajui zaidi ya hapo, akaomba afundishwe. Mtume akamfundisha: atoe takbira, yaani aseme "Allahu Akbar", asome kilicho chepesi kwake katika Kurani, arukuu mpaka atulie, ainuke mpaka anyooke, asujudu mpaka atulie. Wanazuoni wamezingatia jambo moja katika kisa hiki, nalo ni kwamba Mtume hakumwamuru mtu yule alipe swala zote za miaka iliyopita alizokuwa akiziswali vile kwa kutojua. Alimfundisha, kisha mambo yakaendelea. Kosa la mwanafunzi anayejifunza halifanani na kosa la mtu anayepuuza, na wewe uliye na daftari zima la maagizo huwezi kuitwa mpuuzaji.

Sasa tulitazame hilo daftari. Sitakwambia ulichome, maana ndani yake mna mambo ya kweli. Kasoro yake ni kwamba mambo yote 63 yameandikwa kwa wino mmoja, kana kwamba yana uzito mmoja, ilhali elimu ya sheria ya Kiislamu huanza kwa kupima uzito. Wanazuoni wameyagawa matendo ya mwanadamu katika hukumu tano: faradhi, ambayo ni lazima na kuiacha ni dhambi, sunna, ambayo ina thawabu lakini asiyeifanya hana dhambi, mubaha, ambayo ni ruhusa tu, ufanye au usifanye, makuruhu, ambayo haipendezi lakini haina adhabu, na haramu, ambayo imekatazwa. Mtu akikuletea agizo jipya, mwulize kwa adabu swali moja tu: "Dada, hili ni faradhi au ni sunna?" Wengine watakujibu vizuri na utajifunza. Wengine watanyamaza, na hapo pia utakuwa umejifunza jambo. Lipitie daftari lako pamoja na mwalimu mmoja mwenye elimu, si watano, uandike hukumu pembeni ya kila mstari, na nadhani utashangaa ni mistari mingapi itakayobaki upande wa faradhi.

Mtume mwenyewe alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemeni alimpa utaratibu. Alimwambia awaite watu kwanza washuhudie kwamba hapana mola apasaye kuabudiwa isipokuwa Mwenyezi Mungu, na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Wakilikubali hilo, awajulishe kwamba wamefaradhishiwa swala tano mchana na usiku. Wakilikubali na hilo, awajulishe kuhusu zaka, inayochukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa maskini wao. Tazama neno "wakilikubali" linavyorudiwa kila hatua: jambo linatiwa baada ya lililotangulia kukaa. Wewe ulimwagiwa yote katika wiki chache. Waislamu wa kwanza, walioishi na Mtume, walikaa takriban miaka 14 tangu wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, ulipoanza mwaka 610 kabla ya kufaradhishiwa funga ya Ramadhani, ambayo ilikuja katika mwaka wa pili wa Hijra, kuhama kwa Mtume kwenda Madina, yaani 624. Bibi Aisha, mke wa Mtume, alieleza kwamba kilichoteremka mwanzo ni sura zenye kutaja Pepo na Moto, na watu walipotulia katika Uislamu ndipo zikateremka hukumu za halali na haramu. Akaongeza kwamba lau neno la kwanza lingekuwa "msinywe pombe," watu wangesema hatutaiacha kamwe. (Usinielewe vibaya hapa: leo hukumu zimekwisha kukamilika, pombe ni haramu kwa aliyesilimu jana kama ilivyo kwa aliyezaliwa katika Uislamu. Ninachosema ni kuhusu mpangilio wa kufundisha na kujifunza, si ruhusa ya kuchagua.)

Basi twende kwenye mzizi, na kwa bahati njema mzizi huo ulikuwa nao kabla hujakutana na dada yeyote. Uliandika kwamba kilichokuvuta ni kuwa Mungu ni mmoja, hana mshirika. Hiyo inaitwa tauhidi, na mambo yote mengine katika dini hii yanasimama juu yake. Sura ya Al-Ikhlas, ambayo ina aya nne fupi na bila shaka umekwisha kuihifadhi, inaieleza yote: Mwenyezi Mungu ni mmoja, ndiye anayekusudiwa kwa haja zote, hakuzaa wala hakuzaliwa, wala hana anayefanana naye. Kinyume cha tauhidi ni shirki, yaani kumpa kiumbe kile ambacho ni haki ya Mungu peke yake, kama kukiabudu au kukiomba kwa namna anavyoombwa Yeye. Ndiyo maana shirki ni dhambi kubwa kuliko zote katika Uislamu.

Kutoka hapo unapata jibu la swali la kwanza la mama yako. Muhammad haabudiwi. Alizaliwa Makka kwenye mwaka 570 hivi, akafiwa na wazazi wake angali mdogo, akawa mfanyabiashara aliyejulikana kwa uaminifu, na alipokuwa na umri wa miaka 40 akajiwa na wahyi katika pango la Hira. Mwaka 622 alihamia Madina, na kuhama huko ndiko kunakohesabiwa kuwa mwanzo wa kalenda ya Kiislamu. Alifariki Madina mwaka 632. Siku aliyofariki, baadhi ya masahaba, yaani wafuasi walioishi naye, walishindwa kuamini, hata Umar mwenyewe, na ndipo Abu Bakr aliposimama mbele ya watu akasema kwamba aliyekuwa akimwabudu Muhammad, basi Muhammad amekufa, na aliyekuwa akimwabudu Mwenyezi Mungu, basi Mwenyezi Mungu yu hai, hafi. Maneno hayo yalisemwa na rafiki yake wa karibu kuliko wote, siku ya msiba wenyewe. Sidhani kama kuna jibu lililo wazi zaidi la kumpa mama. Katika shahada tunamtaja Muhammad kwa cheo cha mjumbe, na tunamfuata kwa sababu yeye ndiye aliyetuonyesha namna ya kumwabudu aliyemtuma.

Ukitaka kuziona itikadi zote kwa mpangilio, ipo hadithi moja iliyopokewa na Umar ambayo walimu wengi huitumia kama somo la kwanza. Umar anasimulia kwamba walikuwa wamekaa na Mtume, akatokea mtu mwenye nguo nyeupe sana na nywele nyeusi sana, haonekani na dalili ya safari, wala hakuna aliyemjua. Akaketi akagusanisha magoti yake na ya Mtume, akauliza habari za Uislamu, za imani na za ihsani. Uislamu ukaelezwa kwa matendo matano: shahada, swala, zaka, funga ya Ramadhani, na hija kwa anayeweza. Imani ikaelezwa kwa mambo sita: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, kheri yake na shari yake. Na ihsani ikaelezwa kuwa ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, kwani ikiwa wewe humwoni, Yeye anakuona. Mtu yule alipoondoka, Mtume akawaambia kwamba alikuwa malaika Jibrili, amekuja kuwafundisha dini yao.

Katika hayo sita, mawili huwatatiza wageni. La kwanza ni vitabu na mitume, kwa maana wengi hudhani Mwislamu anaamini Kurani na Muhammad tu. Tunaamini kwamba Mwenyezi Mungu aliteremsha Taurati kwa Musa, Zaburi kwa Daudi na Injili kwa Isa, ndiye Yesu, na kwamba Kurani, yenye sura 114, ndiyo ya mwisho na ndiyo iliyohifadhiwa. Mitume waliotajwa kwa majina ndani ya Kurani ni 25, wakiwamo Adamu, Nuhu, Ibrahimu, Yusufu na Musa, na anayemkataa mmoja wao amewakataa wote. La pili ni kadari. Kuamini kwamba Mungu amekwisha kulijua na kulipanga kila jambo hakumfanyi mtu kuwa gogo linaloelea mtoni. Mtu ana hiari katika anayoyatenda, na kwa hiyo anaulizwa; lakini yaliyo nje ya uwezo wake, kama vile kuzaliwa, maradhi na mauti, anayapokea akijua kwamba hayakumpata kwa bahati mbaya. Wanazuoni wameandika mengi juu ya suala hili na wewe huhitaji kuyamaliza mwaka huu.

Kuhusu Isa, mwambie mama ukweli wote, nusu inayomfurahisha na nusu isiyomfurahisha, maana heshima yenu haitajengwa kwa kufichana. Hujamtupa Isa, Mwislamu hawezi kumtupa Isa akabaki Mwislamu. Kurani inamwita Masihi, inasema alizaliwa bila baba kwa amri ya Mungu kama Adamu alivyoumbwa bila baba wala mama, kwamba aliwaponya vipofu na wenye ukoma na kuwafufua wafu kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Mama yake, Maryam, ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Kurani nzima, na ipo sura inayoitwa kwa jina hilo. Tunapotofautiana ni hapa: kwetu Isa ni mja na mtume, si mwana wa Mungu na haabudiwi, na Kurani inakanusha kwamba alisulubiwa na kuuawa. Hiyo ni tofauti kubwa na mama yako ana haki ya kuihuzunikia. Wewe huna haki ya kumkaripia kwa huzuni hiyo. Sura ya Luqman inasema kwamba hata wazazi wakikushurutisha kumshirikisha Mungu, usiwatii katika hilo, lakini kaa nao duniani kwa wema. Mama yako hajakushurutisha lolote, ameuliza tu. Na Asmaa, binti ya Abu Bakr, alipomwuliza Mtume kama aunge undugu na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, aliambiwa amuunge.

Sasa swala, ambayo ndiyo nguzo uliyokwama nayo na kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Swala za faradhi ni tano: alfajiri rakaa 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3 na isha 4, jumla rakaa 17 kwa siku. Inasimuliwa katika kisa cha Miraji, safari ya Mtume ya kupaa mbinguni, kwamba mwanzoni zilifaradhishwa 50, zikapunguzwa hadi tano kwa thawabu za 50, nami huwa naona kwamba mtu anayelijua hilo hawezi tena kuidhania swala kuwa ni mtego aliowekewa ili anaswe. Kabla yake ni udhu: kuosha uso, kuosha mikono mpaka viwikoni, kupaka maji kichwani na kuosha miguu mpaka vifundoni, kama ilivyotajwa katika sura ya Al-Maida, na asiyepata maji, au anayedhurika nayo, hutayamamu kwa udongo safi. Kisha unaelekea Kaaba, unatia nia moyoni, unatoa takbira. Katika swala yenyewe, kazi yako ya sasa ni mambo machache: Al-Fatiha, ambayo ni aya saba, utulivu katika rukuu na sijda, na tahiyatu. Al-Fatiha na tahiyatu zihifadhi kwa Kiarabu, mstari mmoja kwa siku, kwa kumsikiliza mtu anayesoma vizuri. Ulimi ukigoma, usivunjike moyo, kwa sababu Mtume amesema kwamba anayeisoma Kurani kwa kugugumia na kwa taabu ana thawabu mbili. Dua zako nje ya swala ziombe kwa lugha uliyolelewa nayo; Mungu hahitaji mkalimani.

Ugomvi wa mikono ni mfano mzuri wa kile nilichosema kuhusu uzito. Wanazuoni wengi wa Kisunni wanaona kuikunja ni sunna. Kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ya Maliki ni kuiteremsha, na Mashia na Maibadhi pia huiteremsha. Wanaoikunja wenyewe wanakiri kwamba kutoikunja hakuibatilishi swala. Dada zako wawili walikuwa wakikuvuta huku na huku kwa jambo ambalo halikuwa faradhi, na kati ya mivutano hiyo wewe ukaiacha faradhi yenyewe. Fuata namna anayokufundisha mwalimu wako mmoja na uwaache wengine na namna zao.

Swala za siku za hedhi hazilipwi. Hili ni jambo la wazi, alilieleza bibi Aisha kwamba wakati wa Mtume waliamrishwa kulipa funga na hawakuamrishwa kulipa swala. Aliyekwambia ni deni amekosea, na bila shaka alichanganya na funga. Hedhi ikikatika unaoga josho, yaani kuosha mwili mzima kwa nia ya kujitakasa, kisha unaendelea na swala.

Kuhusu mavazi: ndani ya swala ni sharti mwanamke asitiri mwili wake isipokuwa uso na viganja. Nje ya swala, mbele ya wanaume wasio maharimu (maharimu ni jamaa wa karibu wasioweza kumwoa), kujisitiri namna hiyo ni wajibu pia kwa kauli ya wanazuoni walio wengi sana, na nisingekuwa mkweli kwako kama ningekwambia ni hiari. Lakini wajibu huo mmoja na swala ni vitu viwili. Asiyekamilisha mavazi yake ana upungufu wa kuurekebisha, na hakuna anayeweza kusema kwa sababu hiyo kwamba swala aliyoiswali kwa masharti yake imekuwa bure. Anza kwa unaloliweza na uendelee. Na jina halibadilishwi kwa sababu tu mtu amesilimu. Linabadilishwa likiwa na maana mbaya au ya kuabudu kisichokuwa Mungu. Masahaba wengi waliingia katika Uislamu na majina yao na wakafa nayo.

Ramadhani isikutishe. Ni mwezi wa tisa wa kalenda ya mwezi mwandamo, na kwa kuwa mwaka huo ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, funga huzunguka majira yote. Unajizuia kula, kunywa na tendo la ndoa tangu alfajiri ya kweli mpaka jua linapozama, ukiwa umetia nia tangu usiku. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na aya ileile inayotoa ruhusa hiyo inasema Mwenyezi Mungu anawatakia wepesi wala hawatakii uzito. Wakati wa hedhi hufungi, nawe unazilipa siku hizo baada ya mwezi. Ukila kwa kusahau, kamilisha siku yako, funga haijaharibika. Kama unataka kujaribu kabla, funga Jumatatu moja au Alhamisi moja katika wiki hizi tatu, upate kujua mwili wako unavyopokea. Na kama una maradhi yanayohitaji dawa za saa maalumu, zungumza na daktari sasa, usingoje mwandamo.

Zaka na hija hazihitaji kukunyima usingizi. Zaka ya fedha inamhusu mwenye akiba iliyofikia kiwango kinachoitwa nisabu, ambacho hukadiriwa kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, nayo ikakaa mwaka mzima wa mwezi mwandamo. Hapo hutoa asilimia 2.5 kwa makundi manane yaliyotajwa katika sura ya At-Tawba, wakiwamo mafakiri, maskini na wenye madeni. Kama huna akiba hiyo, huna zaka. Na kwa kuwa una miezi mitano tu katika Uislamu, hata ukiwa nayo, mwaka wake bado haujatimia. Hija ni mara moja katika umri, katika mwezi wa Dhulhija, kwa mwenye uwezo wa mali, afya na njia. Asiyeweza hadaiwi.

Yupo bedui mmoja, mwenye nywele timtim, aliyekuja kwa Mtume kutoka Najd, akauliza Uislamu ni nini. Akatajiwa swala tano, akauliza, "Je, kuna nyingine juu yangu?" Akajibiwa, "Hapana, ila ukipenda kujitolea." Akatajiwa funga, akauliza vilevile, akajibiwa vilevile, akatajiwa na zaka, ikawa hivyohivyo. Akaondoka akiapa kwamba hatazidisha wala hatapunguza, na Mtume akasema, "Amefaulu, ikiwa amesema kweli." Liandike hilo ukurasa wa kwanza wa daftari lako, juu ya yale 63.

Limebaki jambo la mama kukusikia ukinong'ona alfajiri. Mtu anayesikia mnong'ono asiouelewa hujaza mwenyewe maana, na mara nyingi hujaza maana ya kutisha. Kesho ukimaliza kuswali, kaa naye umsomee tafsiri ya Al-Fatiha kwa Kiswahili: kwamba unamsifu Mola wa viumbe vyote, Mwingi wa rehema, Mwenye mamlaka ya siku ya malipo, kwamba Yeye tu unamwabudu na Yeye tu unamwomba msaada, na unamwomba akuongoze njia iliyonyooka. Akitaka kusikia zaidi, mfungulie sura ya Maryam, mahali Maryam anapofika chini ya mtende na uchungu wa kuzaa umemshika, akitamani laiti angekufa kabla ya hayo. Yeye ni mama, ataijua sauti hiyo.